Chupa Mbili za Kahawia

Nilijua saa moja jioni, nikihesabu rafu kabla ya kufunga duka:
chupa ya mzee Toktosun ilikuwa ingali pale,
jina lake kwa mwandiko wangu mwenyewe,
na ya mwalimu Jyldyz haikuwepo.

Chupa mbili za kahawia, kifuniko kile kile cheupe.
Vidonge vya moyo, hizi na hizi,
ila kimoja cha mwalimu ni sawa na vinne vya mzee.
Na mzee alikwishapanda farasi tangu adhuhuri
kwenda malishoni, ng'ambo ya mlima,
akaniachia jibini kavu kwenye karatasi
na "Mungu akuweke, mwanangu."

Nikapiga simu. Namba unayopiga haipatikani.
Nikapiga tena, kana kwamba mlima ungeona haya.
Dereva wa gari la wagonjwa akasema njia imezibwa tangu alasiri,
theluji ya mwezi wa Mei, isiyo na adabu.
Mirlan, askari wa hifadhi, akasema: "Alfajiri, Burulai.
Usiku huu hata mbwa mwitu hawatoki."
Mume wangu akawasha gari, akafika kwenye kizuizi,
akarudi ndevu zimeganda.

Basi. Kazi ya mkono iliishia hapo.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Nilikaa na neno hilo jikoni mpaka chai ikafanya utando.
Nikasimama kuswali, nikasahau rakaa,
nikaanza upya, nikasahau tena.
Dua yangu ilikuwa amri tupu:
Ya Rabi, simamisha theluji.
Isimamishe, Mirlan apite.
Nikachungulia dirishani kama mdai. Inazidi.
Nikaomba kwa sauti. Ikazidi.
Nikaahidi kondoo, nikaahidi saumu ya mwezi mzima,
kisha nikaona aibu:
nilikuwa napatana bei na Mwenye duka.

Saa tisa usiku nilichoka kumwelekeza.
Nikaweka paji la uso chini, nikasema:
Kosa ni langu. Nimelileta.
Kutoka hapa sina urefu wa mkono.
Mzee ni Wako, alikuwa Wako kabla sijamuuzia chochote.
Na mimi ni Wako, hivi nilivyo, na uzembe wangu.

Sikusikia kitu. Jikoni ukuni mmoja ulipasuka.
Lakini niliwaza: maji yale hayazoleki, sawa,
ila ardhi iliyoyanywa ina mwenyewe.

Mirlan alipiga saa moja asubuhi.
Mzee hakufika malishoni.
Theluji ilimgeuza farasi njiani,
akalala kibandani kwa wafanyakazi wa barabara,
na kwa kuwa hamezi kidonge bila maziwa,
na pale palikuwa na chai ya rangi tu,
chupa haijafunguliwa.

Theluji ile ile.
Ile niliyokesha nikiomba ikome.

Toktosun alirudi siku ya tatu.
Nilimweleza yote, sikujificha nyuma ya kadari.
Hakucheka. Aliigeuza chupa mkononi,
akasoma polepole jina lisilo lake, akasema,
"Bandika kitu chekundu, binti."
Akanuna mpaka mlangoni,
kisha akarudi, maana alikuwa amesahau dawa yake.

Nimebandika utepe mwekundu.
Kila jina nalisoma kwa sauti, wateja wananicheka.

Na lipo swali sijalimaliza:
je, kama pangekuwa na maziwa kibandani?
Sijui. Usiku ule sikuahidiwa maziwa, wala ukosefu wa maziwa.
Nilimwachia tu, bado natetemeka,
na asubuhi ilipokuja ilinikuta chini, juu ya mkeka,
magoti yamekufa ganzi,
pale pale nilipokabidhi.